Mnyama Amepita, Picha Ina Ukungu: Njia Nne za Kamera za Mtego Zikilinganishwa

Fungua picha mbaya kabisa kwenye memori kadi ya kamera yako ya mtego, ile inayojipiga yenyewe mnyama anapopita, uangalie kwanza kilicho nyuma ya mnyama. Kama majani, mawe na shina la mti vimetoka vikali na mnyama peke yake amevutika kama rangi iliyofutwa kwa kidole, huo ni ukungu wa mwendo, na ndio unaozungumziwa hapa. Kama picha nzima imevurugika, ama mti uliofungia kamera uliyumba, ama lenzi ilishika umande. Kama picha yote ni nyeupe, ni ukungu wenyewe wa mlimani uliorudisha mwanga, jambo la kawaida Rungwe na Kitulo alfajiri. Matatizo hayo matatu hayatibiwi kwa kununua kamera nyingine. Wengi hununua, na picha hubaki vilevile.

Nyanda za Juu Kusini za Tanzania picha kali ina thamani yake. Mwaka 2005, kamera zilizotegwa katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, zilimnasa sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, mwenye uso wa kijivu, ambaye hakuwa akijulikana. Mwaka 2008 alielezwa rasmi kwa jina la Rhynchocyon udzungwensis. Ni mnyama wa gramu 700 hivi, mwepesi wa kukimbia, na uso wake ni sehemu ndogo sana ya picha. Kadhalika chui: humtambua mmoja na mwingine kwa madoa ya ubavuni, na madoa yakiungana huna chui wa kuhesabu, una kivuli tu.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, na kizito kuliko vyote, ni muda ambao mwanga unaingia kwenye kamera. Kamera nyingi za mtego zikiwa gizani huacha shata, yaani kilango cha kupitishia mwanga, wazi kwa kati ya 1/10 na 1/30 ya sekunde. Chukua 1/20. Chui anayetembea taratibu, mita moja kwa sekunde, amesogea sentimita 5 kabla shata haijafunga, na doa la ubavuni mwake lina upana wa sentimita chache tu. Funo, swala mdogo wa msituni, aliyeshtuka akakimbia mita 8 kwa sekunde amesogea sentimita 40. Mwanga ukidumu 1/1000 ya sekunde, chui huyo amesogea milimita 1 na funo milimita 8.

Megapikseli hazimo kabisa katika hesabu hiyo. Kamera inayotangazwa kuwa na megapikseli 30 au 48 mara nyingi ina kihisi picha cha megapikseli chache, na zinazobaki hujazwa na programu. Mnyama aliyevutika akikuzwa anabaki mnyama aliyevutika, ila faili ndiyo imekuwa kubwa.

Vigezo vingine vinne: usiri, yaani mnyama na mwizi wanaona nini kamera inapopiga, betri na matunzo katika baridi na unyevu wetu, gharama, na nani hasa anafaidika na njia husika.

Njia ya kwanza: kamera uliyo nayo, ukiitega upya

*Ukali.* Hapa ndipo pa kuanzia hata kama hela ya kamera nyingine ipo mfukoni. Mambo manne hupunguza ukungu bila kununua chochote.

La kwanza ni umbali. Ukisogeza kamera kutoka mita 6 hadi mita 3, mwanga unaomfikia mnyama huongezeka mara nne, na kamera inayojipangia shata yaweza kufupisha muda hadi robo. Ni kweli kwamba kwa karibu mnyama hukatiza picha kwa kasi mara mbili, lakini robo mara mbili ni nusu: ukungu unabaki nusu ya ule wa awali. Angalizo lipo. Kamera nyingine zikiona mwanga mwingi hazifupishi shata, hupunguza nguvu ya taa. Kwa hizo, kusogea karibu huzidisha ukungu. Ili ujue yako ni ya aina gani, mpitishe mtu usiku mbele yake akiwa na gazeti mkononi, mara moja kwa mita 6 na mara moja kwa mita 3, kisha fungua taarifa za picha kwenye kompyuta. Kamera nyingi huandika humo muda wa shata na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga.

Usisogee kupita uwezo wa lenzi. Lenzi za kamera hizi hazirekebishi fokasi. Nyingi huanza kuona vizuri kwenye mita 1.5 au 2. Gazeti lilelile liweke mita 1, 1.5, 2 na 3, piga, soma maandishi. Pale herufi zinapoanza kusomeka ndipo mpaka wako. Kwa minde (naye ni swala wa msituni), nguruwe pori na chui, mita 3 hadi 4 zinatosha, kamera ikiwa sentimita 40 hadi 50 juu ya ardhi. Kwa sange na panya buku ishushe hadi sentimita 15 au 20, na umbali uwe ule wa chini kabisa ambao gazeti lilisomeka.

La pili ni pembe. Kamera inayotazama njia kwa mraba humwona mnyama akikatiza kwa kasi yake yote. Ukiilaza iwe nyuzi 45 na njia, kasi inayoonekana hushuka hadi kama asilimia 70. Nyuzi 30, hadi nusu. Chini ya hapo usiende. Kihisi joto hufanya kazi kwa kuona mwili wenye joto ukihama kutoka ukanda mmoja kwenda mwingine wa lenzi yake ya plastiki, na mnyama anayekuja moja kwa moja hahami ukanda mpaka awe amefika puani mwa kamera. Hapo utapunguza ukungu, lakini na wanyama utawapunguza.

La tatu ni kumtega mnyama pale anapopunguza mwendo mwenyewe. Njia ndefu iliyonyooka ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Tafuta kona kali, mwinuko, kivuko cha kijito, njia panda ambako kanu na fungo husimama kunusa, au gogo lililolala njiani ambalo lazima walivuke. Tope la kugaagaa nguruwe ni zuri sana. Chambo na harufu za kuvutia wanyama usiziweke ndani ya hifadhi bila ruhusa.

La nne ni mipangilio. Kamera nyingi zina chaguo la picha za usiku lenye hatua mbili au tatu: moja hulenga masafa marefu, nyingine hulenga kugandisha mwendo. Ikitoka kiwandani mara nyingi imewekwa masafa marefu au katikati. Weka ile ya mwendo. Picha itakuwa na chembechembe na nyuma kutakuwa giza, lakini chembechembe husomeka na ukungu hausomeki. Zima pia hali ya kubana betri kama ipo, maana hupunguza taa, na kamera hufidia kwa kurefusha shata. Weka picha tatu mfululizo kwa kila tukio. Mnyama mara nyingi husimama kwenye ya pili kwa kusikia mlio mdogo wa kamera.

Kisha fyeka. Jani moja lililo nusu mita mbele ya taa hung'aa, kamera hudhani kuna mwanga wa kutosha, na mnyama nyuma yake hutoka giza. Kwa upande mwingine, uwazi mtupu nyuma ya njia huifanya kamera ihangaike kuangaza bonde zima. Elekeza kwenye ngema ya udongo au gogo lililo mita moja au mbili nyuma ya njia.

*Usiri.* Unabaki kama ulivyokuwa, ila kamera iliyo karibu na njia na chini zaidi huonekana kwa urahisi. Waya wa chuma na kufuli ni lazima.

*Betri na matunzo.* Betri za alkalini hushuka volti kadiri zinavyotumika, na Kitulo mwezi wa sita na wa saba, baridi ya umande ulioganda huzishusha haraka zaidi. Taa hufifia, shata hurefuka. Ndiyo sababu wiki ya kwanza picha ni nzuri na ya tano zina ukungu, mahali palepale, mnyama yuleyule. Betri za lithiamu za volti 1.5 hushika volti karibu hadi mwisho. Zile za kuchaji za volti 1.2 hutoa umeme wa kutosha, lakini kamera kadhaa huzisoma kama zimekwisha. Soma kitabu cha kamera kwanza.

*Gharama.* Betri nzuri na siku moja ya kupanda mlima.

*Inamfaa* kila mtu kwa kuanzia, na wanaohesabu wanyama bila kuhitaji kumtambua mmojammoja huenda wasihitaji zaidi.

Njia ya pili: kamera nyingine ya infraredi, yenye taa kali zaidi

*Ukali.* Infraredi ni mwanga ambao jicho la mtu haliuoni au huuona kwa shida. Tofauti kubwa kati ya kamera za infraredi iko kwenye urefu wa mawimbi ya taa. Taa za nanomita 850 huonekana kama vidoti vyekundu hafifu. Za nanomita 940 hazionekani kwa jicho la mtu. Kihisi picha huona 850 vizuri zaidi kuliko 940, kwa hiyo kamera mbili zinazofanana kwa mengine yote, ile ya 940 itahitaji shata ndefu zaidi au itatoa picha yenye giza. Anayenunua kamera "isiyoonekana" akitegemea picha kali za usiku amejifunga mguu mmoja kabla ya mbio. Lakini hata 850 bora haifiki 1/1000. Chui anayetembea atatoka vizuri, funo anayekimbia hapana.

Unaponunua, omba picha za usiku za mnyama anayetembea, si mbuzi aliyefungwa kamba.

*Usiri.* Hapa 940 inashinda wazi. Kwenye njia za watu, mathalani maeneo ya jumuiya ya wanyamapori ya MBOMIPA, kwenye tarafa za Idodi na Pawaga, vidoti vyekundu usiku humwonyesha kila mpita njia kamera ilipo. Wanyama wengine nao huviona na kugeuza shingo, ingawa wengi huendelea na safari.

*Betri na matunzo.* Ndiyo njia rahisi kuliko zote. Betri 8 au 12 hudumu miezi kwenye njia isiyo na pilika nyingi. Weka mfuko mdogo wa silika, chembe zinazofyonza unyevu, ndani ya kamera, ubadilishe kila unapokwenda. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na unyevu huingia hata pale maji yasipoingia.

*Gharama.* Ya kati. Kwa bei ya mtego mmoja wa DSLR, kamera kubwa ya wapiga picha yenye lenzi ya kubadilishwa, unapata kamera kadhaa za aina hii, na kwa kazi ya kuhesabu, kamera kumi za wastani hushinda moja nzuri sana.

*Inamfaa* anayefuatilia eneo kubwa, anayehofia wizi, na anayerudi kwenye kamera mara moja kwa mwezi au miwili. Picha za usiku ni nyeusi na nyeupe tu. Kwa chui na fisi madoa si shida. Kwa swala wa msituni ni shida, kama inavyofuata.

Njia ya tatu: flashi nyeupe ya zenoni

*Ukali.* Hapa mambo hubadilika kabisa. Flashi ya zenoni, gesi iliyo ndani ya mrija wa kioo, humulika kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, 1/1000 au chini yake. Msitu ukiwa giza, hata shata ikikaa wazi 1/20, mwanga wenyewe ulishakuja ukaondoka, na mnyama amegandishwa na mmuliko, si na shata. Ndiyo maana picha za zenoni huonyesha masharubu na matone ya maji kwenye manyoya.

Na zina rangi. Minde ana mwili wa hudhurungi nzito na kishungi chekundu kichwani. Funo ni mwekundu wa kutu. Kwenye infraredi wote ni kijivu, na picha iliyokatika kichwa huacha ubishi usioisha. Kwa misitu ya Udzungwa na Rungwe, ambako minde ni mnyama adimu asiyepatikana nje ya Tanzania, rangi pekee yaweza kuwa sababu ya kuchagua njia hii.

Kuna mtego mmoja dukani: kamera nyingi zinazoitwa za flashi nyeupe hutumia taa za LED nyeupe, si zenoni. LED hutoa rangi, lakini huwaka muda wote shata iko wazi, kwa hiyo ukungu unabaki. Angalia mbele ya kamera. Zenoni ina kidirisha kimoja chenye mrija wa kioo ndani. LED ni vidoti vingi vilivyopangwa.

Magharibi na alfajiri zenoni nayo hukosea. Mwanga wa mbingu ukiwa bado upo na shata ikiwa ndefu, unapata mnyama mkali pamoja na kivuli chake kinachomfuata kama roho. Ndani ya msitu mnene saa hizo ni chache. Kwenye nyasi wazi za Kitulo ni nyingi zaidi.

*Usiri.* Hakuna. Mmuliko mweupe huonekana kutoka mbali, na mnyama aliyemulikwa usoni anaweza kuikwepa njia hiyo siku zijazo. Kama kazi yako inategemea chui yuleyule arudi mara nyingi mahali palepale, lipime hilo kwa uzito.

*Betri na matunzo.* Flashi hula umeme na huhitaji sekunde kadhaa kujaa tena, muda unaorefuka betri zikichoka. Usitegemee picha tatu mfululizo: familia ya nguruwe ikipita utampata wa kwanza, watoto watano nyuma yake hapana.

Ukitega kamera mbili zikitazamana ili upate ubavu wa kushoto na wa kulia wa chui, kwani pande hizo hazifanani, zisogeze zisielekeane moja kwa moja. Zikimulikana, picha zote mbili huungua.

*Gharama.* Juu ya infraredi ya kawaida, na aina zinazouzwa ni chache.

*Inamfaa* anayetafuta kumtambua mnyama kwa hakika: spishi za msituni, chui mmojammoja, wanyama wadogo wenye mwendo wa kasi.

Njia ya nne: DSLR na flashi za nje

*Ukali.* Hakuna kinachoifikia. Flashi ya kamera ikipunguzwa hadi 1/16 ya nguvu yake hutoa mmuliko mfupi sana, kwa flashi nyingi chini ya 1/5000 ya sekunde. Watu hukosea kwa kuweka nguvu kamili wakidhani mwanga mwingi ndio ukali. Nguvu kamili hurefusha mmuliko, na mkia wa kanu unavutika. Afadhali flashi tatu za 1/16 kuliko moja iliyofunguliwa yote.

Mpangilio wa kuanzia usiku: shata 1/200, tundu la lenzi f/8, ISO 400, vyote kwa mkono. Fokasi nayo ipangwe kwa mkono pale mnyama atakapopita, kisha pete ya lenzi ibandikwe selotepu. Flashi mbili ziwe kando, mita 1 hadi 1.5 kutoka njiani, na moja nyuma juu ili kutenga mgongo wa mnyama na giza. Kihisi joto kielekezwe kipande kile kile cha njia, si njia nzima, vinginevyo kamera hupiga mnyama akiwa bado nje ya fokasi.

*Usiri.* Mbaya kuliko zote. Maboksi manne, nyaya, mmuliko mweupe na mlio wa shata.

*Betri na matunzo.* Kamera na flashi zote lazima ziweze kulala na kuamshwa na kihisi joto. Flashi isiyoamka ndiyo sababu ya kawaida ya picha nyeusi tupu. Nikon SB-28, ingawa ni ya zamani, bado inatafutwa na watu wa kazi hii kwa uvumilivu wake wa kulala muda mrefu. Tegemea kurudi kila baada ya wiki moja hadi tatu. Kila kiungo cha waya ni mlango wa maji, na mchwa hupenda kujenga ndani ya boksi lenye joto.

*Gharama.* Kubwa, hata kwa mwili wa kamera uliotumika.

*Inamfaa* anayetaka picha ya kuchapishwa au kutangaza hifadhi, mwenye mahali palindwapo, na mwenye subira ya kukaa na kipande kimoja cha njia kwa miezi. Kwa kuhesabu wanyama haifai.

Video je?

Video haipunguzi ukungu; fremu zake za usiku ni ndefu vilevile. Faida yake ni wingi: katika sekunde 10 huenda mnyama akasimama walau mara moja, na fremu hiyo ndiyo utakayoitumia. Kama kamera yako ni ya kawaida na unachotaka ni kutambua tu, ijaribu kabla ya kununua kitu.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Kabla ya lolote, ruhusa. Kitulo, Ruaha na Udzungwa ni za TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Hifadhi za misitu ya asili kama Mlima Rungwe na Uzungwa Scarp ziko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Kwenye maeneo ya jumuiya za wanyamapori unaanza na jumuiya yenyewe na serikali ya kijiji. Kwa utafiti kuna COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori).

Kijiji jirani na Ruaha kinachotega kamera kujua wanyama gani wanapita: infraredi, nyingi kadiri mnavyoweza, 940 kwenye njia za watu na 850 porini. Tembo na twiga ni wakubwa na mwendo wao wa kawaida ni wa pole. Ukungu si adui yenu mkubwa. Betri dhaifu ndiyo.

Mwanafunzi anayetafuta chui katika misitu ya Mufindi au Kilolo: anza na njia ya kwanza kwa wiki mbili. Kama theluthi moja tu ya picha za ubavu zinasomeka, hamia zenoni, kamera mbilimbili.

Anayefuatilia minde na funo: zenoni tangu mwanzo, kwa ajili ya rangi.

Mwenye shamba anayetaka kujua ni nguruwe au nungunungu anayekula mihogo: kamera yoyote, mita 3 kutoka kwenye tundu la uzio. Hapo hata mnyama mwenye haraka atainama.

Na anayemtafuta kipunji, kima wa Rungwe na Livingstone aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005, aweke kando habari zote za flashi. Kipunji hutembea mchana, juu ya miti. Tatizo hapo ni kivuli: chini ya majani mazito kamera hurefusha shata hata saa sita mchana, na taa zake haziwaki kwa kuwa inadhani ni mchana wa kutosha. Funga kamera kwenye shina nene lisiloyumba, si tawi, ikitazama tawi wanalovukia lililo mita 3 hadi 4 mbele, mahali ambapo mti ulioanguka umefungua dari la msitu. Jua lisiwe mbele ya lenzi asubuhi wala jioni, na matawi madogo yanayochezacheza kwa upepo yaelekezwe pembeni ya kihisi joto, la sivyo kadi itajaa majani matupu kabla kima hajapita.